Mbolea na Watumishi Wasioonekana



Kwa miaka kumi tumezoea kuuliza mfuko wa mbolea ya chumvichumvi utaongeza magunia mangapi. Leo naomba tuulize pia utavifanyia nini vijidudu vya mizizini.

Ng'oeni mche wa maharagwe taratibu, mtaona vifundo. Kifundo chenye wekundu ndani kina bakteria wanaogeuza naitrojeni ya hewani iwe chakula cha mmea. Hellriegel na Wilfarth wa Ujerumani walilithibitisha jambo hili mwaka 1888. Lakini maharagwe yakitiwa naitrojeni nyingi hayajengi vifundo vya kutosha, nasi hununua kile tulichopewa bure.

Tena, salfeti ya amonia ikigeuzwa na bakteria wengine kuwa naitreti, huacha asidi. Mwaka baada ya mwaka udongo huwa mchachu, na bakteria wa vifundo hudhoofika.

Sisemi mbolea iachwe, maana mahindi na kahawa huihitaji. Nasema udongo upimwe kabla ya kuagiza, samadi itumiwe pamoja nayo, na chokaa itiwe penye uchachu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari la shamba ni kipimo cha udongo.