Vigae vya Majaribio: Hotuba Juu ya Mafunzo ya Ufinyanzi



Tumeombwa tueleze kwa nini wanafunzi wetu wa ufinyanzi huchoma katika tanuri vigae vidogo visivyouzika. Swali hili ni la haki, kwa kuwa kuni hununuliwa kwa fedha za chama.

Mtungi wa mama zetu hauna mng'aro, wala hatuudharau. Maji hupenya kidogo kidogo katika udongo wake, yakakauka kwa nje, na ndiyo maana ya ndani huwa baridi. Lakini kikombe na sahani huhitaji ngozi ya kioo isiyonywa chai wala mafuta. Ngozi hiyo hutokana na vitu vitatu: mchanga mweupe, ambao ndio asili ya kioo; majivu au mawe ya kuuyeyusha; na udongo wa kuuzuia usitiririke.

Mwanafunzi aweza kununua unga wa mng'aro uliokwisha kutengenezwa. Lakini bei ikipanda, kazi yake husimama; na rangi ikiharibika, hajui sababu. Kwa hiyo twamfundisha kujaribu. Huchekecha majivu, akayapima kwa mizani pamoja na udongo mkavu. Kigae cha kwanza hupakwa mafungu 10 ya majivu bila udongo. Cha pili, 9 kwa 1. Cha tatu, 8 kwa 2. Hata cha 11, ambacho ni udongo mtupu. Kila kigae kina nambari yake, na kila nambari imeandikwa daftarini. Baada ya moto wa nyuzi 1250 hivi za sentigredi, huona kwa macho yake ni wapi mng'aro umetiririka, wapi umebaki mkavu, na wapi umetulia vema. Ndipo huongeza kutu ya chuma kidogo kidogo, akibadili jambo moja tu kila mara.

Hata hivyo, kujaribu kuna mipaka. Risasi haitumiki kabisa, maana ni sumu. Na unga wa mawe haupeperushwi, kwa kuwa vumbi lake huharibu mapafu.

Njia hii imekwisha kuzaa matunda kwingineko Afrika. Huko Naijeria, katika mji wa Abuja ambao sasa huitwa Suleja, Mwingereza Michael Cardew aliajiriwa mwaka 1951 kufundisha ufinyanzi, akaanzisha chuo na kutafuta mawe na udongo wa nchi ile ile. Mwaka 1954 aliingia Bibi Ladi Kwali, aliyejifunza kufinyanga kwa shangazi yake. Vyombo vyake vilivyopakwa mng'aro vilipata sifa mpaka London, na sura yake imo katika noti ya naira 20.

Wahenga walisema, mfinyanzi hulia gaeni. Walimwonea huruma, lakini mfinyanzi wetu asipokuwa na vigae vya majaribio, atakula nini kesho?

Basi twaomba mambo mawili. Kwanza, katika kila uchomaji fungu moja kwa kumi la nafasi ya tanuri liachiwe vigae, na madaftari yawe mali ya chama, ili wajao wasianze upya. Pili, wazee watuletee majivu ya mekoni mwao, kila aina katika mfuko wake, na jina la mti juu yake. Kwani majivu ya makapi ya mpunga na majivu ya mti hayatendi kazi moja.