Damu na Malezi: Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi ya kusema machache kabla hamjaendelea na mambo ya hesabu na uchaguzi. Nimeombwa nizungumze juu ya yale yamfanyayo mtu kuwa jinsi alivyo: je, ni damu aliyoirithi kwa wazazi wake, au ni malezi yake na mahali alipokulia? Swali hili si la wataalamu peke yao. Kila chama cha ustawi kinachowalipia watoto karo hulijibu kila mwaka, hata kama hakikulitamka. Maombi huwa mengi na fedha huwa chache. Ndipo mmoja wetu husema, "Huyu twamjua babaye," na karatasi ya mtoto yule huwekwa kando. Neno fupi kama hilo laweza kuyakata maisha ya mtu, na kwa hiyo yatupasa tulipime.

Wahenga walituachia methali za pande zote mbili. Walisema kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na kwamba maji hufuata mkondo. Walisema pia kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Wako wadhanio kuwa wahenga hao walijipinga. Mimi naona kuwa walitazama mambo mawili yaliyo kweli, wakatuachia sisi kazi ya kuyaunganisha.

Na tuanze na damu. Urithi upo, wala hakuna faida kuukana. Kila mtoto hupokea sehemu ya jeni zake kwa baba na sehemu kwa mama, na mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni ugonjwa wa selimundu, ambao huzifanya chembe nyekundu za damu zipinde kama mundu. Mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili huugua sana. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huishi kwa afya yake. Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alipokuwa akisomea uganga huko Oxford, alikuja kupima damu za watu katika nchi hii. Aliona kwamba wenye jeni hiyo ni wengi Pwani na kandokando ya ziwa la Victoria, lakini ni wachache katika nchi ya juu yenye baridi. Mwaka 1954 alitoa maelezo yake: aliyerithi jeni moja ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Penye mbu wengi wa malaria jeni hiyo ilikuwa ngao, nayo ikaenea; pasipo malaria haikuwa na faida yoyote.

Tazameni basi jambo hili. Hata katika damu yenyewe, ambapo twadhani urithi unatawala peke yake, hatuwezi kusema kitu hiki ni chema au ni kibaya mpaka tuulize: mahali gani? Urithi na mazingira si mafahali wawili wanaopigana zizini. Ni kama mbegu na shamba. Hakuna awezaye kuyagawa mavuno akasema fungu hili ni la mbegu na fungu lile ni la udongo.

Lakini mtaniambia kwamba ugonjwa wa damu ni jambo moja, na tabia ni jingine. Basi na tulitazame neno lisemwalo mara nyingi katika mabaraza yetu: mtoto wa mlevi atakuwa mlevi. Mwaka 1973 ulitolewa uchunguzi uliofanywa nchini Denmark juu ya wanaume ambao mzazi wao mmoja alikuwa mlevi, nao walitengwa na wazazi wao wakiwa wachanga, wakalelewa na watu wengine. Ilionekana kwamba ulevi uliwapata hao karibu mara nne kuliko wenzao waliolelewa vivyo hivyo, ambao wazazi wao hawakuwa walevi. Kwa hiyo wazee wasemao kuwa kuna kitu hupita katika damu hawakosei kabisa. Walakini uchunguzi ule ule ulionyesha jambo la pili, nalo ndilo tusilopenda kulikumbuka: zaidi ya wanne katika kila watano wa watoto hao wa walevi hawakuwa walevi. Kilichorithiwa kilikuwa ni udhaifu, si hukumu. Na udhaifu huo hauamki mpaka pombe iwepo mezani. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kuangaliwa zaidi, kuonywa mapema, na kuwekwa mbali na kilabu cha pombe. Kumnyima msaada kwa sababu ya babaye ni kumwacha pale pale penye hatari.

Sasa natia mguu katika upande wa malezi, na sina haja ya kwenda ng'ambo kutafuta ushahidi. Katika mwaka 1984, wataalamu waliwapima akili watoto wa miaka kama saba huko mashambani Embu. Mwaka 1998, baada ya miaka kumi na minne, walipimwa watoto wengine wa umri ule ule katika nchi ile ile, kwa mitihani ya namna moja. Watoto wa mara ya pili waliwashinda wale wa kwanza kwa kiasi kikubwa, na habari zake zikatangazwa mwaka 2003. Je, damu ya watu wa Embu ilibadilika katika miaka kumi na minne? Haiwezekani. Yaliyobadilika ni mengine: wazazi waliojua kusoma walikuwa wengi zaidi, watoto katika nyumba moja walikuwa wachache zaidi, na chakula na afya ya watoto vilikuwa vimetengenea. Shibe, kitabu, na mzazi mwenye nafasi ya kuzungumza na mwanawe: hivyo ndivyo wataalamu walivyovitaja kuwa sababu.

Wanachama wenzangu, iko sababu nyingine inayotupasa sisi hasa, kuliko watu wengine, tujihadhari na hoja ya damu. Hoja hiyo ilipata kutumiwa juu yetu. Mwaka 1933 ilianzishwa Nairobi jumuiya ya walowezi na madaktari waliotaka kuchunguza ubora wa mbegu za watu. Kiongozi wao mmoja alikuwa Daktari H. L. Gordon, aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Naye alishikilia kuwa akili ya Mwafrika ina upungufu wa kuzaliwa. Mwenzake, Daktari F. W. Vint, alichukua bongo za Waafrika waliokufa Nairobi, akazipima, na mwaka 1934 akaandika kuwa hazikufikia kiasi cha bongo za Wazungu. Hakupima sawasawa maradhi waliyougua watu wale, wala njaa waliyoijua tangu utoto. Kutokana na vipimo hivyo walikuwako waliosema kuwa elimu kubwa kwa Mwafrika ni fedha iliyotupwa.

Babu zetu hawakuikubali hoja hiyo. Waliijibu kwa matendo: walijenga shule zao wenyewe kwa michango ya senti na ya jasho, wakawapeleka watoto wa watu wasiojua kusoma, na watoto hao wakawa waalimu, waganga na mahakimu. Haifai basi sisi, wajukuu wao, tuiokote fimbo ile ile iliyotupiga tukampigie mtoto wa jirani. Asemaye "ukoo ule hauna akili" anasema neno la Daktari Gordon kwa lugha ya nyumbani.

Bwana Mwenyekiti, sitaki kukaa kabla ya kueleza jinsi maneno haya yanavyoweza kuisaidia Kamati. Kwanza, katika kuchagua watoto wa kulipiwa karo, aulizwe mtoto mwenyewe na mwalimu wake, wala sifa za babaye zisiwe kipimo. Pili, tusingoje mpaka mtoto afike darasa la juu. Mwili na ubongo hujengwa zaidi tangu mimba mpaka miaka ya kwanza; fedha ndogo ya uji na maziwa wakati huo yaweza kufanya kazi ambayo karo kubwa ya baadaye haitaiweza. Tatu, mtoto aliyetoka katika nyumba yenye ulevi au ugomvi apewe mzee mmoja wa kumtazama, amjue kwa jina, aulize habari zake kila muhula. Na nne, ambalo halina gharama: tuuchunge ulimi. Mtoto aitwaye mwizi tangu utotoni hujifunza kwamba hakuna faida ya kuwa mwaminifu.

Damu hatuwezi kuichagua, wala hatuwezi kuibadilisha. Bali uji, kitabu, onyo na neno jema vimo mikononi mwetu, na ndiyo maana ya kuwa na chama kama hiki. Siku Kamati itakapokaa juu ya maombi ya mwaka ujao, naomba karatasi ile iliyowekwa kando irudishwe mezani, isomwe kama nyingine.