Hofu Huingia Mwilini



Nikiwa kiranja wa bweni hapa, kijana mmoja wa Murongo (Kyerwa ikiwa bado ni Karagwe) alilala kitandani juma la mtihani wa majaribio. Hakula, hakutaka kusema na mtu. Ada yake ilitokana na kahawa ya nyumba nzima. Niliandika daftarini: mvivu. Akaadhibiwa. Leo nakiri mbele yenu kwamba nilikosea.

Wazee wetu wa Kagera wanaukumbuka ugonjwa wa kucheka. Tarehe 30 Januari 1962, Uhuru haujatimiza miezi miwili, wasichana watatu wa shule ya bweni huko Kashasha, sasa wilaya ya Muleba, walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Shule ilipofungwa Machi 18, walikuwa wamepatwa 95 kati ya 159. Mwalimu hata mmoja hakupatwa. Madaktari Rankin na Philip walipima damu na maji ya uti wa mgongo, hawakuona kitu. Wataalamu wengi hutaja mkazo wa moyo kuwa chanzo. Wengine walishikwa hata siku 16. Nani afanye mzaha wa siku 16?

Ubongo ukihisi hatari, huziamuru tezi zilizo juu ya figo kutoa homoni, kotisoli mojawapo. Kwa muda mfupi hiyo ni msaada. Ikidumu, chembe nyeupe za damu, askari wetu, huvurugika. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliwatia wanafunzi 11 wa udaktari wa meno kidonda kidogo kaakaani, mara moja wakati wa likizo, mara nyingine karibu na mtihani. Kidonda cha mtihani kilichelewa kupona kwa wastani wa siku tatu.

Na habari hurudi ubongoni. Chembe hizo hutoa kemikali ziitwazo saitokini, zinazouambia ubongo: lala, usile, jitenge. Ndivyo malaria inavyotulaza. Lakini mkazo peke yake nao huweza kuziamsha. Kijana yule huenda alikuwa na malaria, huenda ni hofu, huenda vyote viwili. Sikumwuliza.

Ndugu Mwenyekiti, katika mchango wa leo naomba chumba cha muuguzi na mshauri kitangulie rangi ya lango. Nanyi viranja mlioketi kule nyuma, mkimkuta mwenzenu kalala, mpelekeni zahanati kwanza. Daftari litangoja.