Kushuka Mlima kwa Pikapu Wakati wa Masika
Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Leo hatusomi habari za mbali. Tutazungumza juu ya njia zetu wenyewe, zile tunazopita kutoka Sumbawanga kushuka bondeni mpaka Milepa, na juu ya pikapu zinazotubebea mpunga, mahindi na samaki.

Pengine mmoja wenu anasema moyoni, "Mimi sina gari, somo hili si langu." La, ni lako pia. Wanaoshika usukani ni wachache, lakini wanaopanda ni wengi, na gari likianguka halichagui. Basi msikilize nyote.

Kwanza tuitazame nchi yetu. Mji wa Sumbawanga uko juu, kiasi cha meta 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko chini, kiasi cha meta 800. Kwa hiyo, anayetoka mjini kwenda bondeni hushuka kiasi cha meta 1,000, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko mahali pamoja, penye ukuta wa mlima uitwao Lyamba lya Mfipa. Kuanzia mwezi wa Novemba mpaka Aprili mvua hunyesha, na udongo wa mfinyanzi hulowa. Lami imefika Sumbawanga kutoka Tunduma, lakini njia nyingi za bondeni ni za udongo. Hata mahali palipotiwa zege, mvua huteremsha matope juu yake.

Katika nchi za baridi, kama Kanada na Norwe, theluji huanguka na barabara huwa barafu tupu. Madereva wa huko hufundishwa jinsi ya kupita penye utelezi. Sisi hatuna theluji, lakini tuna mfinyanzi, na kanuni ni zile zile.

Kwa nini gari huteleza? Tairi huishika ardhi kwa kusuguana nayo. Maji na mfinyanzi vikiingia katikati, huwa kama sabuni kati ya mkono na bakuli. Meno ya tairi yametengenezwa ili kuyasukuma maji na matope nje. Tairi likiwa kipara, halina pa kuyapeleka. Likawa halishiki tena.

Sasa nitawaambia jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Masika moja nilipanda pikapu kupeleka vitabu vya madarasa bondeni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mimi nilikaa mbele pamoja na dereva, kijana mchangamfu. Nyuma kulikuwa na magunia, na watu wamekaa juu ya magunia. Tulipofika ukingoni, mahali mteremko unapoanzia, kijana alitoa gia akaliacha gari lishuke lenyewe. Alisema anabana mafuta. Mama mmoja mzee aligonga paa la gari akaita, "Mwanangu, simamisha, tushuke kwa miguu!" Kijana akacheka, akajibu, "Tulia, mama, tutafika."

Gari likazidi mwendo. Kijana akakanyaga breki, akaachia, akakanyaga tena. Baada ya kona mbili nilisikia harufu ya kitu kinachoungua. Kisha kanyagio la breki likazama mpaka chini, na gari halikupungua mwendo. Bahati yetu, kijana hakupoteza akili. Alilipeleka gari upande wa mlima, likajisugua kwenye ukingo wa udongo mpaka likasimama. Upande wa pili palikuwa na korongo. Hakufa mtu. Lakini mvulana mmoja aliyekaa juu ya magunia alirushwa chini, akavunjika mguu.

Ndugu zangu, mimi nina stashahada ya chuo kikuu. Nilikaa karibu na dereva kuliko mtu yeyote, nikaona gia ikitolewa, nikanyamaza kwa sababu ya haya. Yule mama hakuwa amesoma hata darasa moja, naye ndiye aliyesema. Tangu siku ile naliona deni hili juu yangu, na somo la leo ni kulilipa kidogo.

Basi shikeni neno hili moja: gari hushuka mlima kwa gia, si kwa breki. Na gia huchaguliwa juu, kabla ya kushuka. Ukisubiri mpaka mwendo umezidi, gia ndogo inaweza kukataa kuingia.

Sababu yake ni hii. Gari likiwa katika gia ndogo, injini yenyewe hulizuia magurudumu yasikimbie. Ukitoa gia, au ukikanyaga klachi muda wote, umelifungua gari, na kazi yote imebaki kwa breki. Breki zikisuguliwa bila kupumzika hupata moto mkali, na zikipata moto mkali hupoteza nguvu. Tena usizime injini ukiwa mteremkoni. Katika magari mengi injini ikizimika breki na usukani huwa vizito.

Sasa tufuate kazi kwa mpango.

Kabla ya safari. Tazama matairi: je, yana meno? Upepo ni wa kutosha? Jaribu breki, taa na vifuta maji vya kioo. Chukua jembe au koleo, kamba imara, vipande viwili vya mbao, na jiwe au gogo la kuzuia gurudumu.

Mzigo. Usizidishe. Weka mizigo mizito chini kabisa, isirundikwe mkiani, kisha funga kwa kamba. Mzigo mrefu hulivuta gari kwenye kona. Lakini jueni pia kwamba pikapu tupu huteleza mkia upesi, kwa maana magurudumu ya nyuma hayana uzito wa kuyakandamiza ardhini.

Ukingoni mwa mlima. Simama. Tazama njia. Watu washuke, watembee. Ingiza gia ya kwanza au ya pili, na kama gari lina gia ya kuendesha magurudumu manne, itie hapo hapo. Kisha shuka polepole, ukigusa breki kidogo kidogo, wala usiikanyage kwa ghafla.

Mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ya kusimama huzidi mara nne. Tuseme gari linalokwenda kilometa 20 kwa saa linahitaji hatua 5 ili breki zilisimamishe. Likienda kilometa 40, litahitaji hatua 20. Na penye matope hatua huwa nyingi zaidi. Kwa hiyo acha nafasi kubwa kati yako na gari la mbele.

Mkia ukiteleza. Ondoa mguu kwenye mafuta. Usikanyage breki kwa nguvu. Mkia ukienda kushoto, geuza usukani kushoto kwa upole. Ukienda kulia, geuza kulia. Gari likinyoka, nyosha usukani nawe. Macho yatazame mahali unapotaka kwenda, si korongoni.

Kupanda. Chagua gia chini ya mlima, nenda mwendo wa namna moja, usibadilibadili katikati. Gari likishindwa, usiliache lirudi lenyewe. Ingiza gia ya kurudi nyuma, urudi taratibu katika alama zako.

Ukikwama. Usizungushe magurudumu kwa hasira. Yanachimba kaburi lao. Ondoa matope, weka mawe, matawi au mbao mbele ya magurudumu. Wanaosukuma wasisimame mahali ambapo gari linaweza kuwarudia, na mtu asisimame karibu na kamba inayovuta, kwa maana ikikatika hupiga kama mjeledi.

Mito. Maji yaendayo kasi, yenye kina cha sentimeta 60 tu, yanaweza kuibeba pikapu pamoja na mzigo wake. Hicho ni kina kisichofika kiunoni mwa mtu mzima. Usipoona chini, usipite. Ngoja. Vijito vingi vya mlimani hujaa upesi na hupungua upesi. Kungoja saa chache si aibu.

Neno la mwisho ni kwa ninyi abiria. Sehemu ya nyuma ya pikapu ilitengenezwa kwa mizigo, na kukaa juu ya magunia hakufai kabisa. Mnaposafiri na mtu akaona gia inatolewa mlimani, au dereva amelewa, au tairi ni kipara, asinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Aseme kwa heshima: "Kijana wangu, tafadhali simamisha, tushuke." Mmoja akisema, wengine wamwunge mkono. Nawe dereva, ukiambiwa hivyo, usicheke. Anayekuambia anakutakia ufike kwa mama yako.

Yule mvulana alipona mguu, lakini hatembei sawasawa. Dereva wetu angali akiendesha katika njia ile ile. Kila afikapo ukingoni husimama, huteremsha watu, ndipo huingiza gia ndogo.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini dereva huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka mlima?
2. Mkia wa gari ukiteleza kulia, usukani ugeuzwe upande gani?
3. Hesabu: Pikapu moja inaruhusiwa kubeba kilo 1,000. Imepakiwa magunia 8 ya mahindi, kila gunia kilo 100. Tena kuna watu 5 pamoja na dereva, kila mtu kilo 60. Je, uzito umezidi? Umezidi kwa kilo ngapi?
4. Andika sentensi moja ya heshima ambayo abiria anaweza kumwambia dereva anayekwenda mbio. Kisha isome kwa sauti mbele ya wenzako.

Swali la nne lisirukwe. Neno lililokwisha kutamkwa darasani ni rahisi kulitamka tena mlimani. Kwaherini, na safari njema.