Diski Isipoonekana, Usiseme Imekufa

Mazungumzo mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka



Mwenyekiti ameniomba nieleze ile habari ya ordinateri ya ofisi, maana maneno mengi yamepita njiani. Wengine walisikia kwamba hesabu ya sanduku la mshikamano imepotea yote. Haikupotea. Lakini ilibaki kidogo tu.

Mambo yalikuwa hivi. Betri ya ile mashini ilikufa zamani. Jenereta ikazimika wakati Windows inajisasisha, na Windows ikaharibika. Nikachomeka kle ya USB ili niiweke upya. Kufika mahali pa kuchagua diski: orodha tupu! Fundi mmoja akasema, "Diski imekufa, nunueni ingine." Mama mtunza hazina akakaa chini, hakusema kitu. Ndani ya ile diski mna akiba na deni la kila mtu, tangu tuliporudi kutoka Nyarugusu. Nakala yetu ya mwisho ilikuwa ya miezi 7.

Sasa sikilizeni vile tulifanya, kesho itawasaidia.

La kwanza, tuliingia katika Biosi: unawasha mashini huku unabonyeza F2 (kwa zingine ni F10 au Delete). Kama Biosi yenyewe haioni diski, hapo fungua mashini, utazame kama diski imelegea, ao kweli imekufa. Yetu ilionekana, na jina lake na ukubwa wake. Basi diski ilikuwa nzima. Ni programu ya kuweka Windows ndiyo haikujua kuongea nayo.

La pili, sababu. Mashini nyingi zenye prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 11 hupitisha diski katika kitu kinachoitwa VMD. Programu ya Windows mara nyingi haina draiva yake. Tulipakua draiva ya Intel kwenye mashini ingine, tukaifungua kutoka faili iliyobanwa, tukaiweka kwenye kle. Kisha tukabonyeza palipoandikwa "Charger un pilote". Diski ikatokea. Watu wakapiga makofi!

Mtu anaweza pia kuzima VMD katika Biosi, lakini kama Windows ya zamani ingali nzima, inaweza kukataa kuwaka. Afadhali draiva.

La tatu, na hapa ndipo wengi hupoteza: diski ikionekana, usikimbilie kufuta wala kuformati. Tulibonyeza Shift na F10 pamoja, tukaandika notepad, na kwa dirisha lake la kufungua faili tukanakili hesabu yote kwenye kle ingine. Ndipo tukaweka Windows.

Wanachama, tangu leo nakala ni 2 kila mwisho wa mwezi: moja kwa mtunza hazina, moja kwa mkaguzi, na haziwekwi nyumba moja. Wafadhili, mkitupa mashini zilizotumika, mtupe pia draiva zake na neno la siri la Biosi. Bila hilo tunabaki mlangoni.

Na ile pesa ya diski mpya ingali ndani ya sanduku. Mama mtunza hazina atawaonyesha.