Kiungo Kilicholegea

Kiti kilegeapo viungo, upesi twakimbilia msumari. Lakini msumari huweza kuupasua ulimi wa ubao, na nafasi iliyo ndani ya tundu hubaki vile vile. Fundi mwenye subira hukifungua kiungo, akakwangua gundi kuukuu, kwa kuwa gundi mpya haishiki vema juu yake. Kisha hubandika kipande chembamba cha mbao ubavuni mwa ulimi, hukipiga randa hata ulimi uingie tunduni kwa kubana, hutia gundi, hukaza kwa kamba, akangoja ikauke.

Nasi, ndoa zetu zilegeapo, tusizipigilie misumari ya vitisho. Tuketi pamoja, tukwangue kinyongo cha zamani, tuijaze nafasi kwa msamaha, kisha tungoje. Amina.