Tuketi Kitandani pa Mzee



Wapendwa wasikilizaji, Mwinjili Luka atuonyesha wazee wawili, Simeoni na Anna, mjane wa miaka 84. Hatuwakuti wamefichwa pembeni. Twawakuta hekaluni, mahali watu waingiapo na kutoka, nao wana jambo la kungojea.

Mwaka 1991, daktari mmoja wa Marekani, Bill Thomas, alihudumu katika nyumba ya wazee ya Chase Memorial, huko New Berlin, jimbo la New York. Wazee wapatao 80 walilishwa, walioshwa na kupewa dawa. Hata hivyo aliona maradhi matatu yasiyotibika kwa vidonge: upweke, uchovu wa kukaa bure, na kujiona hujiwezi. Nyumba ile ilifanana na hospitali, si maskani ya watu. Basi akaleta ndege 100, mbwa, paka, mimea na bustani, na watoto wakakaribishwa. Wazee waliodhaniwa hawawezi kusema wakaanza kunena, na wengine wasioinuka wakajitolea kuwatembeza mbwa. Baadaye, mwaka 2003, kwa fikra zake zikafunguliwa nyumba ndogo huko Tupelo, Mississippi. Kila mzee ana chumba chake, na wote hukutana kwenye meza moja karibu na jiko.

Tusiseme hayo ni ya ng'ambo. Siku moja tulimpelekea bibi mmoja Komunyo Takatifu. Alilazwa chumba cha uani, safi, shuka nyeupe, ila uso wake ulielekea ukutani. Hakulalamikia chakula. Alituambia, "Padre, waambie wanangu wanigeuzie kitanda, niwaone wapitao." Wanawe waliona haya, maana walidhani wametimiza yote. Wakakigeuza, wakauacha mlango wazi. Tuliporudi mwezi uliofuata, tulimkuta ameketi, akichambua mchele wa wajukuu na kuwakemea kuku.

Ndugu, amri ya kuwaheshimu baba na mama haiishii kwenye sahani na shuka. Mzee aweza kushiba, na bado akakosa sababu ya kuamka.

Leo, turudipo nyumbani, tuketi kitandani pa mzee wetu, tutazame anachokitazama yeye. Tukiona ukuta mtupu, tukigeuze kitanda kabla jua halijatua. Kisha tumwombe atusaidie kazi moja aiwezayo.

Mungu awabariki. Amina.